Barua kwa mhariri: Pensheni ndogo ya kazini ndo inayobeba kodi ya pensheni ya serikali

Mhariri,

Nimesoma barua ya yule ndugu aliyeandika kwamba wazee tulioko Uingereza tunakula pensheni mbili, ya serikali na ya kazini, na eti hatukatwi hata senti kwa sababu serikali ya huku inawaonea huruma wazee. Mi niko huku, nimestaafu, na hiyo huruma kwenye karatasi ya malipo yangu sijaiona, kwa hiyo naomba nafasi kidogo nieleze manake kuna vijana wetu wengi wanakuja kufanya kea (kutunza wazee na wagonjwa), usafi, kazi za maghala, wanakatwa michango ya pensheni kila mwezi na hawaelewi hiyo hela itakuja kuwaje wakifika umri wetu.

Kwanza kabisa pensheni ya serikali inatozwa kodi. Hata Waingereza wenyewe ukiwaambia wengine wanabisha, na wanabisha kwa sababu ikiingia benki inaingia nzima nzima, hakuna aliyeigusa. Ni kweli, wale wanaoilipa, DWP, yaani idara ya serikali ya pensheni, hawana utaratibu wa kukata kodi, wao wanalipa tu kila baada ya wiki nne basi. Lakini HMRC, yaani watu wa kodi, wanajua umepewa kiasi gani, wanaichukua hiyo hesabu wanaitoa kwenye kile kiwango ambacho kila mtu haruhusiwi kukatwa, paundi 12,570 kwa mwaka, halafu kilichobaki ndo wanampelekea yule anayekulipa pensheni yako ya kazini kama namba ya kodi. Sasa huyo wa kazini ndo anakata. Anakata ya kwake na anakata na ya serikali humo humo. Kwa hiyo mtu anaona pensheni kubwa haiguswi, ile ndogo ndo inanyofolewa kila mwezi, analalamika kampuni ya pensheni inamwibia, na kampuni masikini ya Mungu inafanya tu ilichoagizwa.

Tufanye hesabu manake bila hesabu haya mambo yanakuwa porojo. Tuseme mama mmoja amefanya kazi huku miaka 35 au zaidi, michango yake ya Neshno Inshuransi, ile bima ya taifa inayokatwa kwenye mshahara, imetimia, anapata pensheni mpya ya serikali kamili. Kuanzia Aprili 2026 hiyo ni paundi 241.30 kwa wiki, ukizidisha kwa wiki 52 unapata 12,547.60. Angalia hapo, kiwango kisichokatwa ni 12,570, amebakiwa na nafasi ya paundi 22 na senti 40 kwa mwaka mzima, hata kuku wa sikukuu na mchele wake haitoshi. Sasa huyu mama alikuwa na kipensheni cha kea homu, paundi 160 kwa mwezi, yaani 1,920 kwa mwaka. Kasoro hizo 22 za nafasi, yote iliyobaki inakatwa asilimia 20. Ni kama paundi 380 kwa mwaka, karibu 32 kila mwezi. Badala ya 160 anaona 128. (Scotland wana viwango vyao, lakini mchezo ni ule ule.)

Hapa kuna kosa moja nalisikia sana kwa wenzetu. Mtu anaona benki imeingia 965.20 anadhani huo ndo mshahara wa mwezi, anazidisha mara 12 anapata elfu kumi na moja na mia tano na kitu, anasema mimi niko mbali na kiwango, nadhulumiwa. Hapana ndugu, inalipwa kila wiki nne, kwa mwaka zinaingia mara 13. Zidisha kwa 13 utaona umeshafika ukingoni.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Hakuna mwanasiasa aliyesimama akasema tunapandisha kodi ya wazee. Asilimia ni ile ile 20. Walichofanya ni kukigandisha kiwango, kimekaa 12,570 tangu Aprili 2021 na kwenye bajeti ya Novemba 2025 waziri wa fedha Rachel Reeves akasogeza tena mbele mpaka 2031. Miaka kumi, bei za vitu zote zimepanda, kodi ya nyumba, gesi, umeme, chenyewe kimekaa pale pale. Na pensheni ya serikali yenyewe inapanda kila mwaka kwa ule utaratibu wa kufuli tatu, yaani wanaangalia mishahara imepanda kiasi gani, bei zimepanda kiasi gani, na 2.5%, wanachukua iliyo kubwa. Aprili 2026 ilikuwa mishahara, 4.8%. Watu wanashangilia. Lakini kila ikipanda inakula ile nafasi.

Rudi 2021 uone. Pensheni mpya kamili ilikuwa 179.60 kwa wiki, kwa mwaka 9,339 na kitu. Nafasi iliyobaki chini ya 12,570 ilikuwa zaidi ya paundi 3,200. Yule mama mwenye 1,920 yake ya kea homu angekuwa hakatwi hata senti moja. Sio kwamba ametajirika, ni kile kile kipensheni, pengine hata hakipandi manake nyingi za hizi za wafanyakazi wa chini zinaenda mwendo wa konokono, ila leo anachangia 380. Nafasi ya 3,200 imekuwa 22 ndani ya miaka mitano na sisi wananchi hakuna aliyetuuliza.

Na wazee waliotutangulia walikuwa na afadhali. Zamani ukifika 65 ulikuwa unapewa kiwango chako kikubwa kuliko cha vijana. Mwaka 2012 mtu wa kawaida alikuwa na 8,105, mzee wa 65 mpaka 74 alikuwa na 10,500, na wa 75 kwenda juu 10,660. George Osborne, waziri wa fedha wa wakati huo, ndo aliyeigandisha hiyo nyongeza ya wazee akaanza kuifuta mwaka ule, magazeti yakapiga kelele, kelele zikaisha. Mwaka 2024 kwenye kampeni Rishi Sunak, waziri mkuu wa wakati huo, akaahidi kuirudisha kwa namna nyingine, kiwango cha wastaafu kiwe kinapanda pamoja na pensheni, akashindwa uchaguzi na ahadi ikaondoka naye. Sijui kama angeitimiza, mi wanasiasa wa kampeni huwa nawasikiliza kwa sikio moja.

Sasa wamekuja na dawa. Manake wamepiga hesabu wakaona Aprili 2027 pensheni ya serikali peke yake itavuka 12,570, hata ikipanda kile kima cha chini kabisa cha 2.5% itafika kama 12,860, na hapo wazee wengi ambao hawana kitu kingine chochote watatakiwa waandikiwe barua za kudaiwa kodi ya paundi hamsini na kitu. Aibu tupu. Serikali inakupa kwa mkono huu halafu inakutumia barua uirudishe. Kwa hiyo Reeves akatangaza kwamba kuanzia mwaka wa kodi wa 2027/28 mtu ambaye kipato chake pekee ni pensheni ya serikali, ile mpya au ile ya msingi ya zamani, bila nyongeza, hatasumbuliwa na hiyo kodi ndogo.

Vizuri. Lakini soma tena hayo maneno, kipato chake pekee.

Yule ambaye hakuweka akiba hata kidogo anasamehewa. Yule aliyekatwa kwenye mshahara wa kea miaka kumi akapata kipensheni, hasamehewi, na tena hasamehewi hata ile sehemu ambayo jirani yake kasamehewa. Chukua hiyo 12,860. Jirani hana kitu kingine, kodi yake ingekuwa paundi 58, inafutwa, analipa sifuri. Wewe una kipensheni cha paundi 5 kwa wiki, 260 kwa mwaka. Jumla yako inafika 13,120, ukitoa 12,570 inabaki 550, asilimia 20 ni paundi 110. Yaani kwenye 260 uliyoichumia jasho unabaki na 150. Wakati wenye mishahara minono wa huku wanalalamika kukatwa 40%, bibi wa paundi tano kwa wiki kwenye kipensheni chake anaachia asilimia 42, ukimlinganisha na jirani ambaye hakuweka kitu.

Na ukiwa na pungufu ya hapo ndo vichekesho kabisa. Mtu mwenye paundi 5 kwa mwezi, 60 kwa mwaka, kwa maneno yalivyotangazwa atadaiwa kama 70. Angekuwa na afadhali hiyo pensheni asingekuwa nayo. Nikimweleza mtu anasema mzee umekosea hesabu. Chukueni kalamu mpige wenyewe.

Kuna na kundi lingine wamelisahau, wale waliochelewesha kuchukua pensheni ya serikali. Serikali yenyewe ilikuwa inawashawishi, chelewesha mwaka mmoja tunakuongezea karibu 5.8%, watu wakaendelea kufanya kazi za usiku na miaka 67, 68. Sasa msamaha unasema bila nyongeza. Hao nao wako nje.

Najua kuna watakaonijibu, na mpwa wangu ameshanijibu kabla hata sijaandika. Yeye anasema anko, mi nafanya kazi nalipwa kima cha chini, kiwango changu ni 12,570 hiyo hiyo, juu yake nakatwa 20% kama wewe na bado nakatwa Neshno Inshuransi 8% ambayo nyie wazee mkishafika umri wa pensheni hamkatwi, sasa nyie mnataka muongezewe kwa kazi gani. Ana haki kusema hivo. Mtu wa 14,000 kijana anaondoka na kidogo kuliko mzee wa 14,000, huo ni ukweli na wazee wengine humu tunaongea kama vile tuko peke yetu wenye shida. Ndo maana mi siombi wazee wote wasamehewe, kuna wazee huku wana nyumba tatu na pensheni ya paundi elfu arobaini, hao walipe. Ninacholalamikia ni wazee wawili wa mtaa mmoja, wote masikini, mmoja anasamehewa na mwenzie anabebeshwa, na anayebebeshwa ndo yule aliyefanya serikali ilichomwambia. Tangu 2012 waajiri wamekuwa wakilazimishwa kuwaingiza wafanyakazi kwenye pensheni za kazini, wewe unaweka 5% mwajiri 3%, matangazo kila basi na kila stesheni. Wangeacha tu ile sehemu ya pensheni ya serikali inayovuka 12,570 isikatwe kwa kila mtu mwenye kipato cha chini, uwe na kipensheni usiwe nacho, halafu kipensheni kikatwe 20% yake ya kawaida. Bibi wa 260 angelipa 52 badala ya 110. Hapo hata mi ningenyamaza.

Kenya wenyewe mwishoni mwa 2024 walibadilisha sheria, mstaafu aliyefika umri wa kustaafu wa mfuko wake akilipwa pensheni kutoka mfuko uliosajiliwa hakatwi kodi. Sisemi nchi zinafanana, Uingereza haina hiyo nafasi ya kusamehe kila mtu, ila yule ndugu aliyesema huku ndo kuna huruma ajue kwenye hili jambo huruma iko huko huko nyumbani.

Sasa kwa wenzangu walioko huku, maana najua gazeti lenu mnalisoma kwenye simu, nina ya kusema kidogo.

Wengi wetu hatuna miaka 35 ya michango. Tumekuja tukiwa watu wazima, wengine walifika na miaka arobaini na kitu, wengine walikaa miaka kibao bila karatasi. Mwenye miaka 20 kwenye mfumo mpya anapata kama paundi 137.89 kwa wiki, kwa mwaka 7,170 hivi, kwa hiyo ana nafasi ya paundi 5,400 kabla ya kodi. Huyo akiwa na kipensheni cha 1,920 hatakiwi kukatwa chochote, kwa hiyo akiona anakatwa, ajue HMRC wameweka hesabu isiyo yake na apige simu siku hiyo hiyo. Ile barua ya namba ya kodi inayokuja kabla ya Aprili msiitupe na vipeperushi vya piza. Inaandika wazi, kiwango chako hiki, toa pensheni ya serikali hii, baki hii. Linganisha hiyo pensheni ya serikali na barua ya DWP ya mwaka huo, DWP hawatoi P60 (karatasi ya mwaka ya kipato na kodi) kama kampuni, barua ile ndo ushahidi wako. Namba ikiwa 2L maana yake wamekuachia kama paundi 20 na kitu. Ikianza na K maana yake pensheni ya serikali na mengineyo yameshavuka kiwango, wanakuongezea deni kwenye kipensheni, ila hata hapo hawaruhusiwi kuchukua zaidi ya nusu ya hicho kipensheni kwa mara moja. Ikiwa BR yote inakatwa 20%, hiyo ni kawaida kama una vipensheni viwili na nafasi yako imeshatumika kwingine, lakini kama vyote viwili ni BR na pensheni yako ya serikali ni ndogo, hapo unaliwa.

Vile vimifuko vidogo vya kazi tulizofanya mwaka mmoja mmoja, hivi visivyozidi paundi 10,000 kila kimoja mara nyingi unaruhusiwa kuvichukua vyote mara moja. Robo haina kodi, robo tatu inahesabiwa kama kipato cha mwaka huo. Mfuko wa 6,000, 1,500 ni yako safi, 4,500 kama nafasi yako imeshajaa inakatwa 20%, yaani 900 inaenda. Ukiwa bado hujaanza pensheni ya serikali na umeacha kazi, pengine huo ndo mwaka wa kuzichukua manake kiwango chako cha 12,570 kinakuwa kimekaa tu bure. Ukingoja mpaka pensheni ya serikali imeanza, na ni kamili, umekwisha, kila paundi ya zile robo tatu inakatwa. Na umri wa pensheni ya serikali unasogea kutoka 66 kwenda 67 kati ya Aprili 2026 na 2028, kwa hiyo waliozaliwa kuanzia Aprili 1960 wana miezi kadhaa ya ziada hapo katikati, waitumie. Kampuni ikikukata kupita kiasi siku ya kukulipa, na inatokea sana, kuna fomu za kudai kabla mwaka wa kodi haujaisha, usingoje.

Na ile ya mume na mke. Mmoja mwenye kipato chini ya 12,570 anaruhusiwa kumhamishia mwenzie 1,260 ya kiwango chake, mwenzie anaokoa mpaka paundi 252. Watu walijiandikisha miaka hiyo wakasahau, inajirudia yenyewe kila mwaka. Sasa kama mke pensheni yake ya serikali ni kamili, 12,547, na ameshahamisha 1,260, kiwango chake yeye kimeshuka mpaka 11,310, ina maana ana kodi ya paundi 247 na nusu ambayo mwanzo hakuwa nayo. Baba anaokoa 252, mama anaandikiwa barua alipe 247, faida ya nyumba nzima ni paundi nne na nusu na ugomvi juu. Kama mke ana pensheni pungufu, ile ya miaka ishirini, basi inalipa kabisa na mnaweza kudai mpaka miaka minne nyuma. Kaeni chini wote wawili muangalie.

Wasiojua kuzisoma hizi barua wasione aibu, kuna huduma inaitwa Tax Help for Older People inasaidia wazee wenye kipato kidogo bure, na Citizens Advice, wale wa ushauri wa bure kwa wananchi, wapo karibu kila mji. Msimlipe mtu wa mtaani kamisheni ya kudai hela yenu wenyewe.

Na wanaopanga kurudi Mombasa, Tanga au Kampala kupumzika, hilo la kodi litawapungukia umuhimu manake kuna lingine kubwa zaidi linawangoja. Ukihamia Kenya, Tanzania au Uganda pensheni ya serikali inaganda kwenye kiasi ulichohama nacho, haipandi tena mpaka ufe au urudi, kufuli tatu hazikuhusu. Mhariri ukinipa nafasi siku nyingine nitaandika juu ya hilo peke yake, na lenyewe ni refu.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Reading, Uingereza